Betri Nne Juu ya Mabati

Betri kubwa ya redio ikiota jua juu ya mabati ina harufu yake, harufu ya chuma na karatasi iliyoungua kidogo. Sisi watoto wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, tuliijua kama tulivyojua harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Siku zile hakuna mtu alitupa betri eti imechoka. Unaitoa kwa redio, unaipanga juani, na jioni inakuimbia tena, labda siku mbili, labda tatu. Mama alikuwa na sheria moja tu: betri zirudi ndani kabla jua halijateremka, kwa sababu jioni kulikuwa na matangazo ya vifo. Wakati huo hata mimi nilinyamazishwa, na kuninyamazisha mimi haikuwa kazi ndogo. Mtangazaji anasoma kwa Dholuo, pole pole: fulani wa mahali fulani ametuacha, na fulani aliye Kisumu aende nyumbani mara moja. Simu hatukuwa nayo, na barua ilitembea kama kobe. Ukifiwa, ni redio ingekuambia.

Ndugu yangu Ouma alikuwa na miaka kumi na nne, mimi Akoth kumi na moja. Polio ilimwachia mguu mmoja mwembamba kama mpini wa jembe, na maneno yalimkwama kooni, lakini vidole vyake, wacha tu! Kijana mmoja wa ploti yetu alimwita Mguu Uzi, nikamng'ata sikio mpaka mama yake akaja kulia kwetu. Sasa mwalimu mmoja mzungu wa sayansi, akifunga mizigo kurudi kwao, alimwachia Ouma boksi ya vifaa: mota mbili ndogo, magurudumu, swichi mbili, waya za rangi na kitabu cha maelezo cha Kiingereza. Picha ya kifuniko ilionyesha kigari kinachojiendesha chenyewe. Mbele kilikuwa na nyaya mbili ndefu kama masharubu ya paka. Sharubu likigusa ukuta, swichi inakata moto wa mota moja, gurudumu la mota hiyo linasimama, lile lingine linasukuma, na kigari kinageuka kwenda zake. Tulikiita Apuoyo, yaani sungura, kwa sababu katika hadithi za nyumbani ni yeye huponyoka kila mtego. Ouma alishika waya, mimi nilisoma kitabu. Kiingereza changu nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari, kwa hivyo neno nisilolijua nilijaza la kwangu, tena kwa sauti kubwa.

Alhamisi moja Apuoyo alikuwa tayari, hana betri tu. Baba alifanya kazi ya reli Mombasa. Mama alikuwa amekwenda soko la Kibuye na omena wake. Nilifungua mgongo wa redio nikatoa zote nne.

"Z-za Mama? Ziache, Akoth."

"Ni saa moja tu! Kwani mchana redio inaongea na nani?"

Apuoyo akanguruma, akaenda mbio, akagusa ukuta, na badala ya kuuacha akageukia ndani yake. Akausukuma, akang'ang'ana nao kama mlevi anayegombana na mlango. Tulimvuta, tukamrudisha, na kila mara alifanya hivyo hivyo. Ni mimi nilikuwa nimesoma kwamba sharubu la kushoto liende gurudumu la kushoto, na Ouma akisema hapana nilimfokea, "Wewe unajua Kiingereza?" Mota iliyokwama inakula betri vibaya sana, lakini hilo nani alitujulisha? Karibu saa saba Ouma alichukua waya bila kuniuliza, akazivusha: la kushoto likaenda kulia, la kulia likaenda kushoto. Apuoyo akagusa kigoda, akageuka. Akagusa sufuria, akageuka. Ouma alicheka hadi akakaa chini. Sijawahi kumwona hivyo tena. Halafu kigari kikaanza kupunguza mwendo, kikasimama katikati ya sakafu. Tulirudisha betri kwa redio. Kimya.

Nikapanda juu ya pipa la maji, Ouma akalishikilia, nikafika kwa mabati nikazipanga nne juani. Kisha nikachukua mtungi nikaenda bombani. Pale foleni ilikuwa ndefu na wasichana walikuwa wengi, nami nilikuwa na habari za Apuoyo. Niliwaeleza, nikaigiza, nikarudia. Mvua ya Nandi, ile inayoteremka kutoka milimani alasiri, ilipokuja na radi zake, tulikimbilia baraza ya duka na nikaendelea kuwaeleza pale pale. Kumbe mdomo ndio humponza kichwa. Niliporudi Ouma alikuwa amesimama kando ya pipa, amelowa chapachapa, matope yamejaa kwa magoti na viganja. Alikuwa amejaribu kupanda, akaanguka, akajaribu tena.

Jioni Mama alizungusha swichi ya redio mara mbili. "Nani alitoa betri zangu?"

Nilifungua mdomo. Ouma akanitangulia. "Mimi, Mama."

Nami nikaufunga.

Mama alitoka nje, akapanda pipa mwenyewe, akazishusha zikidondosha maji. Alimtazama Ouma, akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Mwisho wa mwezi tutanunua zingine. Mpaka hapo mtu wetu asife."

Jumapili asubuhi binamu yetu alifika kutoka Asembo Bay, hakukaa hata kwa kiti. "Min Ouma," akamwambia Mama, "mbona hukuja? Tulikuita kwa redio siku mbili." Dana, mama yake Mama, alikuwa amezikwa jana yake. Mama Njeri wa nyumba ya pili, ya watu waliotoka Murang'a kufanya biashara ya viazi, alikuja mbio akapiga magoti. "Ungekuja tu kwetu, Mama Ouma! Redio yetu iko hapo ukutani, sisi tunasikiza ya Kikuyu tu, tungekugeuzia." Hilo lilimuumiza Mama kuliko yote.

Kwetu, binti aliyefiwa na mama anaanza kulia akiwa bado njiani. Wanawake wa boma wakisikia ile sauti wanatoka mbio, wanampokea, wanamshika wasimwache aanguke. Tulipofika Asembo siku hiyo, Mama alianza mbali, kwenye mikonge ya njia ya boma. Alilia mpaka langoni na hakuna mtu alitoka. Walikuwa wakisugua sufuria za matanga. Alijipeleka peke yake hadi kwa udongo wa kaburi, ambao ulikuwa umeanza kukauka. Mjomba aliuliza, "Ni huyu kijana alikata redio?" Ouma akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo Asembo nzima ilimwita Mkata Redio, na mimi nilipigana na kila binamu aliyetamka jina hilo. Wazee walinisifu, eti Akoth anapenda ndugu yake. Ningewatukana wote, lakini ningewatukana kwa nini? Ouma alimpa mtoto wa Mama Njeri boksi lote, na hakugusa waya tena. Leo anashona viatu kando ya stendi.

Mama alituacha mwaka jana. Mimi ndiye nilipeleka tangazo, likasomwa jioni nne mfululizo, na watu wakaja mpaka wa Sondu. Tulipokuwa tunachambua mboga, mamangu mdogo aliniambia kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Mama yako alikuwa akisema, kijana na mguu ule angepandaje mabati?" Kisu kiliniponyoka. Kwa hivyo alijua tangu ile siku, akiwa juu ya pipa. Jioni zote zile, matangazo yakiisha, alikuwa na kawaida ya kuniuliza, "Akoth, una neno?" Nami najibu, "Sina."

Nilimweleza Ouma siku ile ile. "U-ulikuwa m-mdogo," akasema, akanipa chai yangu.

Sasa nina redio yangu, na betri zikichoka nanunua mpya, siziweki juani. Watu wananiogopa kwa mdomo wangu. Hakuna kondakta wala karani anayeniweza. Jioni ile lilikuwa neno moja tu, "mimi", na aliyelitoa ni yule ambaye kila neno lilimkwama. Mvua ya Nandi ikianza kunguruma, naacha nililokuwa nikisema, natoka nje na kuangalia mabati ya majirani.