Wiki ya Bi Kuluthum

Agneta Mideva alipofika Mombasa kutoka Vihiga alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na Kiswahili cha kuchekesha watu. Akiagiza unga dukani, muuzaji alimwomba aseme tena, si kwamba hakumsikia, bali alitaka na wenzake wasikie. Aliyemtoa katika aibu hiyo ni jirani yake wa Junda, Bi Kuluthum, mshonaji wa mabuibui, mwanamke wa ukoo wa zamani wa Mvita ambaye mume alimtoa kisiwani akamleta kuishi Junda, akamfia huko huko. Bi Kuluthum alikuwa akikaa kibarazani na cherehani yake kuanzia alasiri mpaka magharibi. Yeye hakucheka.

"Hatusemi 'leta maji', mwanangu," alimwambia. "Twasema, 'Nipe maji, tafadhali.' Na ukiitwa, usiseme 'nini'. Itika, 'Abee.'"

Miaka miwili ya kusahihishwa pale kibarazani ndiyo iliyompatia Agneta kazi. Ilikuwa kazi ya simu, katika ofisi ya kuwekea wageni nafasi, kwenye majumba fulani ya kupangisha yaliyoko Nyali. Watu wa Junda waliyaita Nyumba za Wiki. Mtu hakununua nyumba pale, alinunua wiki. Nyumba moja ilikuwa na wenyewe hamsini, wengi wao Wazungu, kila mmoja na wiki yake kila mwaka mpaka mkataba wake uishe. Mwenye wiki asipokuja, aliiachia kampuni impangishe mtu mwingine. Hapo ndipo alipoingia Agneta. Akipokea simu, sauti yake ilikuwa tulivu na ya adabu, hata wateja wakadhani ni mwana wa Kisauni hasa. Kufikia mwaka wa 2019 alikuwa amedumu miaka tisa kwenye kiti kile. Aliolewa na Elkana, kibarua wa bandarini, na wakapanga vyumba viwili hatua hamsini kutoka kwa Bi Kuluthum.

Mwezi wa Novemba, mwaka wa 2019, Bi Kuluthum alimwita.

"Abee, Bi."

"Ndoo ukae. Hizo nyumba zenu, jiko lake lina mafiga mangapi?"

Agneta akacheka. "Ni la gesi, Bi. La mioto minne."

"Vizuri. Sitaki hoteli ya kupikiwa. Nataka nyumba nipike mwenyewe."

Kisha akamweleza. Alikuwa na watoto watatu. Abdulhakim alikuwa Muscat, Samah alikuwa Birmingham akifanya kazi ya kutunza wazee, na kitindamimba, Salem, alikuwa hapa hapa, akishughulikia kutoa mizigo ya watu bandarini. Hawakuwa wamelala nyumba moja tangu arobaini ya baba yao, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Nyumba ya Junda ilikuwa imegawanywa vyumba vya kupangisha, haiwatoshi. Alitaka wiki moja tu, wote chini ya paa moja, na wajukuu, kabla ya Ramadhani. Alikuwa amekusanya shilingi elfu tisini kwa muda wa miaka minne, za buibui na za kodi.

Agneta alimtafutia wiki ya kwanza ya Aprili, nyumba ya vyumba vitatu. Bi Kuluthum alikwenda mwenyewe ofisini kulipa, amevaa viatu vyake vya harusini. Kabla ya kutia sahihi aliinua kalamu.

"Nambie, Agneta. Na ikiwa hawakuja? Dunia hii haina uhakika."

"Pesa zako zitarudi, Bi. Usiwe na wasiwasi wowote."

Aliyasema hayo kama mtu anavyosema "karibu". Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, ukurasa mzima, na Agneta katika miaka yake yote tisa hakuwahi kuyasoma mpaka mwisho. Bi Kuluthum akatia sahihi.

Mwezi Machi korona iliingia na ndege zikasimama. Wiki mbili baadaye, Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Lakini hata kabla ya hapo Nyumba za Wiki zenyewe zilikuwa zimekwisha kufunga lango, na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani bila mshahara hadi waitwe. Kwenye stakabadhi za wateja, nambari iliyoandikwa ilikuwa ya simu ya Agneta. Alipigiwa na watu wa Nakuru, watu wa Kisumu, bwana harusi mmoja aliyelia. Wote walikuwa na swali moja: pesa zao zitarudi?

Jibu lilikuja mwezi Mei, kwa barua. Kampuni ilisikitika sana. Fedha zilizolipwa hazirudishwi. Mteja angepewa wiki nyingine ya kiwango kile kile, mradi aitumie katika muda wa mwaka mmoja. Agneta alimsomea Bi Kuluthum barua ile kibarazani pale pale, kila mmoja barakoa usoni, umbali wa mita moja na nusu kati yao.

"Wiki nyingine," Bi Kuluthum alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Kwani mimi nilikuwa nataka wiki? Nilitaka ile waliyokuwa wameomba ruhusa kazini kwao." Akaivuta barakoa juu ya pua. "Lakini wewe ulisema zitarudi."

"Nilisema, Bi. Nitafuatilia."

Na alifuatilia, wala hakuna anayeweza kusema hakufuatilia. Alimwandikia mwenye wiki, mzee mmoja wa Ujerumani, na mzee akamjibu kwa upole kwamba hakuwahi kupokea hata senti, iulizwe kampuni. Aliuliza kampuni, akaambiwa fedha zilikwisha kupelekwa kwa mwenye wiki, aulizwe yeye. Aliomba waonyeshe zilivyopelekwa. Hakujibiwa. Mwezi Novemba aliitwa kazini kwa nusu mshahara, na siku ya kwanza tu alimwendea meneja wake, Maxwell, moja kwa moja.

"Ni jirani yangu," alisema. "Mama mtu mzima. Sisi ndio tuliofunga lango, si yeye aliyekataa kuja."

Maxwell hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akajisugua macho. "Agneta, tukimrudishia huyo mmoja, nyuma yake wako mia mbili. Tutafunga kabisa. Wewe utakula wapi?"

Januari iliyofuata, Samah alishikwa na ugonjwa ule katika nyumba ya wazee alimokuwa akifanya kazi. Alikaa hospitalini siku kumi na saba. Walimzika huko huko Birmingham. Bi Kuluthum alitazama mazishi ya bintiye kwenye simu ya Salem, picha ikikwama kila baada ya muda, na kila ilipokwama wanawake waliojaa sebuleni walinyamaza wakingoja. Agneta alikuwa nyuma yao, amesimama karibu na mlango. Alitaka kwenda mbele kumshika mkono, lakini akabaki pale pale.

Baada ya matanga, muda wa ile barua ulikuwa ungali na miezi michache. Agneta, kwa kutojua la kufanya, alikwenda kumkumbusha.

"Niende na nani?" Bi Kuluthum alimwuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa.

Muda ukapita. Barua ikawa karatasi.

Aliyekataa kuyaacha mambo ni Salem. Mwaka wa 2022 alipeleka shauri kwenye mahakama ya madai madogo, kwa jina la mamake. Jioni moja alimngoja Agneta njiani, penye banda la mkaa.

"Dada Agneta, sina maneno mengi. Ulimwambia mama pesa zitarudi, au hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi njoo uyaseme hayo mbele ya hakimu. Wallahi sitaki jingine kwako."

Usiku huo Elkana alimsikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi. Alikuwa amepunguziwa zamu bandarini. Nusu mshahara wa mkewe ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi na karo.

"Mimi sikwambii udanganye," alisema. "Nakwambia tu ukienda, hawa watu hawatakuweka. Na ukikosa kwenda, yule mama utamwangaliaje? Sijui, Agneta. Kwa kweli sijui."

Agneta naye hakujua. Alingoja Bi Kuluthum amwite, amwombe au amkataze, lakini Bi Kuluthum hakumwita. Kila asubuhi alipopita kwenda kazini alisema, "Shikamoo, Bi," akajibiwa, "Marahaba," na cherehani ikaendelea. Asubuhi ya shauri alivaa sketi yake ya kanisani, akampigia Maxwell simu kumwambia anakokwenda. Hakutaka kwenda kwa kujificha. Maxwell alisema, "Haya," akakata.

Chumba cha shauri kilikuwa kidogo, feni ikizunguka juu bila kuleta upepo. Mwamuzi alikuwa mwanamke kijana, msikivu. Agneta alieleza yote: swali la Bi Kuluthum, kalamu hewani, na jibu alilompa. Salem alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayehesabu matofali yakipangwa. Kisha wakili wa kampuni akainuka. Alikuwa na sauti ya chini, na alimwita Agneta "mama" kwa heshima.

"Mama, hayo maneno kwamba fedha zitarudi, ni mkubwa gani wa kampuni aliyekwambia uwaambie wateja?"

"Hakuna."

"Yameandikwa wapi? Kwenye mkataba? Kwenye tangazo?"

"Hayajaandikwa."

"Nyuma ya mkataba kumeandikwa kwamba fedha hazirudishwi. Wewe ulikuwa umeyasoma maandishi hayo?"

Agneta alimtazama Bi Kuluthum, aliyekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. "Sikuwa nimeyasoma yote."

"Kwa hivyo, mama, hiyo ahadi ilikuwa ya kampuni, au ilikuwa yako?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kampuni, mbele ya karatasi ya kampuni, mdomo wangu ulikuwa wa kwao. Maneno hayo yalimjia vizuri kabisa, yamepangika, siku mbili baadaye akianika nguo. Pale mbele ya mwamuzi aliona tu kwamba ameulizwa jambo, na kwamba alikuwa amekuja kusema kweli.

"Ilikuwa yangu," alisema.

Wakili alishukuru, akakaa. Salem aliacha kuitikia kwa kichwa.

Hukumu ilitolewa wiki tatu baadaye, na haikuwa ndefu. Mwamuzi alisema anamhurumia mdai kwa msiba wake. Lakini mkataba ulitiwa sahihi, masharti yake yalikuwa wazi, na karani hana uwezo wa kuyabadili kwa neno la mdomo. Dai likatupwa. Nje, kwenye ngazi, Salem alimkaribia Agneta hadi akasikia pumzi yake.

"Bora ungalinyamaza," alimwambia. "Bora ungalikaa kwako. Wewe ndiye uliyetuzika."

"Salem," mamake aliita kutoka chini ya ngazi. "Twende."

Mwisho wa mwezi ule Agneta aliambiwa kwamba mkataba wake wa kazi umekwisha na hautaandikwa upya. Hakuna aliyemtaja Bi Kuluthum wala mahakama. Walimpa cheti cha shukrani kilichotiwa fremu. Katika kiti chake aliwekwa msichana, na nyuma ya meza likabandikwa tangazo kubwa, kwa Kiswahili na Kiingereza, la kuwaonya wateja kwamba hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kuahidi kurudishiwa fedha.

Alikwenda kwa Bi Kuluthum na shilingi elfu tano katika bahasha, akasema atazilipa zote kidogo kidogo, hata ikichukua miaka. Bi Kuluthum hakuigusa bahasha.

"Sikukukopesha wewe," alisema. "Ziweke, una watoto."

"Bi, sitapata usingizi."

"Hata mimi sipati. Si kwa pesa." Akaushika ukingo wa buibui alilokuwa akilishona, akaugeuza upande wa pili, akaukagua uzi. "Mwanangu Samah aliniuliza kwa simu, 'Mama, ile nyumba ina roshani?' Nikamwambia, 'N'tamwuliza Agneta.' Sikukuuliza. Nilisahau. Basi hilo ndilo hunirudia."

"Ilikuwa nayo," Agneta alisema. "Ilikuwa na roshani."

Bi Kuluthum alitikisa kichwa polepole, na Agneta akatamani kama asingesema.

Kazi ya ofisi hakuipata tena. Hoteli zilizofunguka zilitaka vijana wenye diploma. Alianza kufua na kupiga pasi katika nyumba za Nyali, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akilipwa kwa siku. Nyumba za Wiki ziliuzwa kwa watu wengine, zikapakwa rangi mpya na kupewa jina jipya. Aliyeenda na karatasi ya zamani alielekezwa kwa kampuni ambayo simu yake haikuita tena. Salem alimpita njiani kama anayepita ukuta.

Mwaka wa 2024 Abdulhakim alikuja kumchukua mamake ahamie Muscat. Macho yalikuwa yameanza kumfifia, hawezi tena kutia uzi sindanoni. Asubuhi ya safari majirani walijaa uani. Agneta alisimama nyuma hadi Bi Kuluthum alipomwona na kumwashiria.

"Abee, Bi."

Mzee yule alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, iliyokauka na kuwa myepesi. Kila mtu alikuwa akingoja aseme kitu, na Agneta kuliko wote. Bi Kuluthum alifungua kinywa, akamtazama, kisha akautikisa tu ule mkono mara moja, mara mbili, kama mtu anayempima mwenzake uzito. Abdulhakim akasema ndege haingoji. Wakamwingiza garini.

Gari lilipokwisha kukata kona watu walitawanyika. Saa mbili na nusu Agneta alitakiwa kuwa Nyali kufua mapazia ya nyumba ya ghorofa mbili. Alifika saa tatu na robo. Mwenye nyumba alimwonyesha saa ya ukutani, na jioni akamlipa nusu.