Kilua wa Bibi

Simu iliniambia jina hilo limeshachukuliwa. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Nguvumali, nafungua akaunti ya kuuzia mikate ya kumimina, na nilipofika pale pa kuandika jina sikufikiri hata kidogo. Niliandika kilua_wa_bibi. Nani mwingine angekuwa nalo? Nikatafuta nimjue huyo mwizi. Aliyetokea kwenye kioo cha simu, amevaa ushungi wa zambarau na kushika chetezo kinachofuka moshi, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Nilijua anauza udi na manukato mtandaoni. Sikujua anauza kwa jina langu. Nikaanza kusoma maoni ya wateja wake. Kilua mpenzi, Kilua mzigo umefika, Kilua Mungu akubariki. Roho iliniuma, nikasahau mkate jikoni mpaka jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, kwetu kunaungua nini.

Watu wa huku hawachagui majina ya mtandaoni ovyo ovyo. Jirani yangu huyo, fundi cherehani, anajiita mama_wa_mmoja. Alikaa miaka mingi bila mtoto na mawifi wakamsema sana, sasa anataka kila anayefungua simu ajue kwamba amezaa. Kijana wa bodaboda anayepeleka watu Moa, kijijini kwetu, anajiita rubani. Ndege hajaipanda, ila utotoni alimwambia mwalimu kuwa atakuwa rubani na darasa zima likamcheka. Mume wangu ameweka jina la timu yake ya mpira, na hapo hakuna hadithi, ni uvivu tu. Lakini wote hao kila mmoja amechukua kilicho chake. Mdogo wangu alichukua changu.

Mimi nilizaliwa nikapewa jina la mama yake babu. Shangazi zangu husema nilipewa na sura yake pia. Na kwetu mwanamke hatamki jina la mavyaa wake, yaani mama mzazi wa mumewe. Hata kama mavyaa mwenyewe ameshazikwa, hata kama jina lenyewe analo mtoto aliyembeba mgongoni, halitamki. Bibi ndiye aliyetulea kule Moa, na adabu hiyo hakuilegeza hata siku moja. Sasa ataniitaje? Nyuma ya jiko lake palikuwa na mkilua, na yale maua yake madogo, ambayo huyaoni kwanza ila unayanusa, alikuwa akiyafunga kwenye pindo la kanga. Akaniita Kilua.

Mdogo wangu hakuhitaji kutafutiwa jina. Lake halikuwa la mkwe wa mtu, basi liliitwa wazi asubuhi mpaka jioni, na bibi akiwa na hasira lilisikika mpaka kisimani. Nilimwonea wivu tangu hapo. Jina langu la cheti sikuwahi kulisikia kinywani mwa bibi. Nilikuwa nikijificha nyuma ya mlango, najifanya sisikii, nikitumaini atakasirika alitamke. Akaita Kilua, Kilua, Kilua, mpaka nikatoka mwenyewe. Nikajifariji kwamba mdogo wangu ana jina ambalo hata walimu wanaliita, mimi nina langu la peke yangu.

Sasa halikuwa la peke yangu. Akaunti yangu niliipachika mkia, kilua_wa_bibi_asili, na mteja wa kwanza kuniandikia aliniambia niache kuiga watu. Wa pili akauliza kama nina udi. Nikamjibu nina mikate. Akaomba basi nimpe namba ya Kilua mwenyewe. Nikampigia mdogo wangu papo hapo.

"Jina langu umelipeleka wapi?"

"Jina gani, dada?"

"Usinifanye mtoto."

"Hilo ulishaliacha," akasema. "Tangu uzae, kila mtu anakuita kwa jina la mwanao, nawe unaitika. Moa huji. Mimi ndiye ninayemwogesha bibi, mimi ndiye ninayemlisha. Jina nimelikuta limelala tu."

"Limelala kwako. Bibi anajua kama umelichukua?"

"Njoo umuulize."

Kweli nilikuwa sijakwenda siku nyingi. Lakini sikwenda kwa ajili ya kumwona mgonjwa, nilikwenda kutafuta hakimu. Nilitaka bibi aniite mbele ya mdogo wangu, mara moja tu, ili huyu asikie jina ni la nani. Nikaoka mkate, nikaliacha buibui langu la siku zote, nikajifunga kanga kwa mtindo anaoupenda bibi, ule wa wanawake wa zamani, moja kifuani na moja kichwani, pindo limeshikwa chini ya kidevu. Nilitaka akiniona tu afurahi. Rubani akanipeleka, njia nzima napanga maneno.

Bibi alikuwa uani, kwenye kitanda cha kamba. Amekuwa mdogo, mabega yote yameingia ndani. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake anamsuka, na kwenye nywele zake mwenyewe alikuwa amechomeka ua la kilua. Nililiona kabla sijamwona yeye.

Bibi akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akavuta kanga yake akajifunika kichwa, nywele zikiwa nusu zimesukwa, akainamisha macho, akajaribu kuteremka kitandani apige magoti. Mdogo wangu akamshika bega.

"Shikamoo, mama," bibi akaniambia.

Niligeuka nyuma nione nani ameingia. Hapakuwa na mtu.

"Siku hizi anachanganya," mdogo wangu akanong'ona. "Na wewe ulivyojifunga hivyo, dada."

"Tuwie radhi, mama," bibi akaendelea, sauti imekuwa ya mwanamwali. "Hatukujua kama unakuja, nyumba haijafagiwa." Akageuza uso kwa mdogo wangu. "Kilua, mletee mavyaa wangu kiti. We Kilua."

"Abee, bibi."

Aliitika upesi, bila kufikiri, kama mtu aliyeitwa hivyo kila siku. Akaleta kiti, akakifuta kwa pindo la kanga yake, akakiweka mbele yangu. Hakuniangalia. Ningemwona anatabasamu ningemvamia, wallahi, lakini macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hilo nalo lilinichoma, kwamba hata kulia ameniwahi.

Nilitaka kusema, bibi, Kilua ni mimi. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini macho bado alikuwa ameyainamisha. Alikuwa amenisalimia na mimi sijamwitikia, na mavyaa asiyeitikia salamu ya mkaza mwanawe ni mavyaa aliyekasirika. Alikuwa ananiogopa.

Nikakaa kwenye kiti.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.