Mama Viraka na blanketi lililowekewa wageni

Saa tatu asubuhi, Mama Viraka amechuchumaa uani mbele ya beseni la maji ya moto. Anazamisha vipande vyekundu vya kitambaa kimoja kimoja. Anahesabu mpaka mia, anakitoa, anakikamua juu ya shuka jeupe, kisha anakikodolea macho. Kikiacha doa kinatupwa kwenye ndoo ya matambara ya kudekia.

"Nyekundu haina adabu," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, bila kuinua kichwa. "Unaishona leo, wiki ijayo imewapaka majirani zake wote. Kama ni kulia, ilie hapa kwenye beseni, siyo kitandani kwa mtu."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akishona mablanketi ya viraka. Juu huunganisha mabaki yanayotupwa na mafundi wengine, katikati anaweka blanketi kuukuu, chini anatandaza bitana ya pamba nyeupe. Kisha anazishona tabaka zote tatu pamoja kwa mkono, na mtondoo wa chuma wa kukingia sindano kwenye kidole cha kati. Mtondoo huo anauvua akienda kuoga tu.

Blanketi moja la kitanda kikubwa hula vipande mia tatu na ushee na wiki nne za kuinama. Akiliuza anapata kodi ya vyumba vyake viwili kwa mwezi mmoja, na kinachobaki ni cha sabuni.

Jina la Mama Viraka alibandikwa na mafundi wa mtaa, tena kwa kejeli. Walimwona akipita jioni na gunia, akiokota vipande chini ya cherehani zao, wakamuuliza kama anafuga mbuzi. Siku hizi wanamwekea mabaki kwenye mifuko na kumwamkia kwa heshima zote, lakini jina limeganda.

Ukitaka kununua kwake, jiandae. Haliuzwi blanketi mpaka lilaliwe. Akimaliza kushona, analifua, analianika, kisha analala nalo yeye mwenyewe usiku saba ndipo analitoa kwa mteja. Hakuna anayemsikiliza akieleza sababu, na wateja wengi wanamkimbia.

"Alikuja binti mmoja, anaolewa," anasimulia. "Akaniambia, 'Mama, nakuletea pesa mpya unanipa mtumba?' Nikamfungulia mlango. Aende dukani akanunue la kwenye nailoni, aliweke juu ya kabati mpaka azeeke."

Anasema neno "kabati" kama mtu anayetema mbegu. Sheria hiyo ya kulaliwa ina miaka miwili tu, na mwanzo wake uko chumbani, ndani ya sanduku.

Sanduku hilo lilitengenezwa na marehemu mumewe, aliyekuwa seremala. Ni la mbao nzito, kona zake zimeshikana bila msumari hata mmoja, na kifuniko kinashuka taratibu kama kinaogopa kumwamsha mtu. Ufunguo wake Mama Viraka anauvaa shingoni. Ndani yake yamekaa mablanketi saba, yale mazuri kuliko yote aliyowahi kushona. Hakuyauza wala kuyatandika. Yalikuwa ya wageni.

Na tusimcheke upesi. Nani kati yetu hana kabati la vioo sebuleni? Vikombe sita vyenye mstari wa dhahabu vimepangwa humo, na mwenye nyumba anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono. Kwa Mama Viraka kabati hilo lipo, na vikombe vyote sita vipo, havina ufa.

"Mzee alikuwa ananitania," anasema. "'Mke wangu, mimi nimeyajengea nyumba mablanketi yako, na mwenyewe nalala nje.' Tunacheka, basi. Kumbe mwenzangu alikuwa ananiambia kitu."

Katika yale saba, moja ni la bluu tupu. Lilimchukua mwaka mzima, kwa sababu bluu zinazopatana ni ngumu kupata. Katikati yake ameshona mfuko wa kifuani wa ovaroli ya zamani ya mumewe, ule aliokuwa akichomeka penseli ya kupimia mbao. Weusi wa penseli bado unaonekana mdomoni mwa mfuko.

Miaka miwili iliyopita, kifua cha seremala kiliziba. Miaka arobaini ya vumbi la mbao ilikuwa imefika mwisho wake. Wakati huo ulikuwa msimu wa baridi, naye alilala chumbani hapo hapo, hatua tatu kutoka kwenye sanduku.

"Ilikuwa alasiri. Akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Akaniambia, 'Mama watoto, nipe lile la bluu. Si lina mfuko wangu?' Nikamwambia, 'Lile la wageni, baba. Utalichafua na dawa.'"

Kipande chekundu kimebaki ndani ya maji na hesabu imempotea.

"Nikamfunika mawili ya dukani na koti juu yake. Hakubisha. Angebisha ningempa, haki ya Mungu ningempa. Aligeukia ukutani tu."

Siku ya nne akafariki. Watu wakajaa nyumbani. Kaka wa marehemu akafika kutoka mbali, mzee mwenye heshima zake, na ilibidi alale. Mama Viraka akavua ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akatoa lile la bluu. Anasema mikono ilienda yenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuwaza jinsi siku ya kumpokea mgeni itakavyokuwa.

"Asubuhi shemeji akaniambia, 'Shemeji, una mikono ya baraka. Nimelala kama mtoto mchanga.' Nikamwambia ahsante. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajing'ata mkono ili nisipige kelele. Mwenye nyumba amekufa akitetemeka, na mgeni amelala kama mtoto mchanga."

Matanga yalipokwisha alipanda gari akawazungukia wanawe. Wawili kati ya watatu walishaoa na kuolewa, na kila mmoja alikuwa amepewa blanketi siku ya harusi yake. Alitaka kuona yamefikia wapi.

Kwa kifungua mimba wake alilikuta juu ya kabati, ndani ya nailoni, pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo. Mkwe wake alilionyesha kwa fahari. "Mama, hili hatuligusi kabisa," alisema. "La wageni hili." Wajukuu watatu walikuwa wanagombania shuka moja.

"Ningemgombeza kwa lipi?" Mama Viraka anauliza. "Mwanangu kalelewa na nani?"

Kwa mtoto wa pili, ambaye ni binti, mvua ilikuwa inanyesha. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, alimkuta mbwa amelala juu ya kazi ya mikono yake. Binti alikaribia kuzimia kwa aibu, akaanza kulivuta. Mama akamshika mkono.

"Zamani nisingesema naye mwaka mzima. Lakini nilisimama nikamtazama yule mbwa. Kajikunja, pua kaifukia ndani, anakoroma. Nikasema, kumbe katika ukoo wote huu, huyu ndiye aliyeelewa lile blanketi ni la nini." Anacheka, na kicheko chenyewe hakimpendezi hata yeye.

Tangu hapo kila blanketi linalotoka kwake limelaliwa kwanza. Isipokuwa lile la bluu.

Saa sita na nusu kitinda mimba wake anaingia uani na begi kubwa la kitambaa. Anafanya kazi kwenye duka la mapambo ya nyumba, na ana haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na begi lote hilo, unahama?"

Binti anacheka, anaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Bosi wake ameona picha ya lile la bluu kwenye simu, analitaka. Yuko tayari kutoa kodi ya miezi minane. Ataliweka ukutani, ndani ya kioo, na taa juu yake.

"Halitachakaa hata kidogo, mama. Watu watakuwa wanapita wanaliona."

"Wanaliona."

"Eh. Kuna ubaya?"

"Na wakiona baridi?"

Binti anaguna. Halafu anasema jambo ambalo huenda amekaa nalo muda mrefu. "Mama, tangu matanga ya baba hujaligusa. Hulali nalo, na hutaki kumpa mtu. Unamlaumu kaka na nailoni yake, na wewe lako liko wapi? Si bora liangaliwe?"

Mama Viraka anauzungusha mtondoo kidoleni, anauzungusha tena. Baadaye alimweleza mwandishi kwamba mara tatu amelitoa hilo blanketi akitaka kujifunika, na mara tatu amelikunja na kulirudisha. Kila akilishika anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, utalichafua.

Anainuka, magoti yakialika, anaingia chumbani. Kifuniko cha sanduku kinasikika kikitua. Analitandaza la bluu kitandani, lote, mpaka pindo zinagusa sakafu. Ni zuri kiasi kwamba binti mwenyewe anashika mdomo.

"Niletee chai," mama anasema. "Kwenye kikombe cha kabatini."

Binti anadhani ni kwa ajili ya mgeni mwenye kalamu. Analeta chai ya rangi, kikombe kimekaa juu ya kisahani, mstari wa dhahabu unang'aa. Mama Viraka anakipokea kwa mikono miwili, anaonja kama imepoa, kisha anaimimina yote katikati ya blanketi, juu ya mfuko.

"Mama!"

Doa linatanuka kutoka kwenye mfuko, linakula kipande cha pili, cha tatu, cha nne. Binti amevua mtandio anataka kufutia. Mama anamzuia.

"Liache. Limeshachafuka. Sasa nani atanikataza?"

Binti analia. Mama halii. Ameinama anakagua doa kwa jicho la kazi, na anasema kwamba bluu haikutoa rangi hata chembe.

Yale sita yaliyobaki anasema atayagawa, mawili kwa kila mtoto, kwa sharti moja. Baada ya mwaka atawatembelea bila kupiga simu. Atakayekutwa nalo kwenye nailoni atanyang'anywa, na anajua mbwa wa kumpa. Bosi naye ameagiziwa salamu, kwamba akitaka kitu cha kuangalia ukutani anunue saa.

La bluu analitoa mwenyewe uani, analianika kwenye waya, upande wenye doa ukitazama njia. Mpango wake ni kulala nalo mpaka litoboke, na anaamini miaka kumi itatosha kama atapewa.

Mwandishi anapofunga daftari na kuondoka, Mama Viraka anamwita arudi.

"Usije ukaandika kwamba nimefarijika," anasema. "Andika nimechelewa. Halafu andika kwamba leo likikauka nalala nalo."