Plastiki Juu ya Rangi ya Pili

Kifungu cha kwanza cha katiba ya Umoja wa Wenye Magari ya Umeme kinatamka kwamba gari la mwanachama mmoja ni gari la wanachama wote, kwamba doa la mmoja ni doa la wote, na kwamba hakuna rangi itakayoachwa bila ulinzi. Kifungu hicho husomwa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, wanachama wakiwa wamesimama wima katika uwanja wa kuegesha magari ulio nyuma ya duka kubwa la samani. Kikishasomwa, watu huketi, na kazi ya kuchunguza madoa ya wenzao huanza.

Msomaji ni Mwenyekiti, ambaye siku nyingine zote ni daktari wa meno. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu.

Mkunga alipokisikia kifungu hicho kwa mara ya kwanza, alikiamini. Si kwamba alikuwa mjinga. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amezalisha wanawake katika zahanati ile ile yenye vitanda vitatu na dirisha moja lisilofungika, na mtu wa kazi hiyo hadanganyiki kirahisi kwa viapo. Amewasikia wakiapa kwamba hawatarudi tena, na mwaka uliofuata amewapokea mlangoni. Ila alikuwa na shida, na mwenye shida husoma katiba kwa jicho la huruma.

Shida yenyewe ilikuwa waya. Mkunga alikaa chumba cha kupanga ghorofa ya tatu, na gari la umeme halipandi ngazi. Kwa hiyo alikuwa akichaji kwa dada yake, mitaa miwili kutoka pale, kwa waya mrefu wa rangi ya chungwa uliopita juu ya kochi, ukatokea dirisha la sebuleni na kukatiza ua hadi kwenye gari. Shemeji yake, fundi saa mwenye subira nyingi kwa saa na chache kwa watu, alikuwa ameuruka waya ule kwa miezi saba.

"Shemeji," alimwambia siku moja, akiwa amekaa na mguu mmoja kila upande wa waya, "mimi na wewe tumeheshimiana siku nyingi, si ndiyo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Basi tusije tukavunjiana heshima kwa sababu ya gari. Gari lako likianza kula, friji yangu inakohoa. Jana nimeangalia mpira hadi dakika ya themanini, sijui nani alishinda. Nakupa mpaka mkutano wenu wa mwezi huu. Ukirudi na kadi ya ile chaja yenu, nitakupongeza. Ukirudi bila kadi, nachomoa."

"Mume wangu," dada akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayetetea bila nia ya kushinda.

"Sijamfukuza. Nimesema nachomoa."

Kadi hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu. Aliyekuwa nayo alichaji nyuma ya duka la samani saa yoyote aliyotaka. Asiyekuwa nayo alibaki na shemeji. Na Mkunga bila gari alikuwa ni Mkunga wa zamani, yule aliyesubiri usafiri kituoni na mkoba wa vifaa mapajani huku simu ikimwambia mama kaanza kusukuma. Kabla ya gari alikuwa amechelewa mara mbili. Hizo mara mbili hakuwahi kuzizungumzia, hata na dada yake.

Gari alilinunua yadi, mkono wa sita au wa saba. Muuzaji alimwapia kwamba lilikuwa la bibi mmoja mstaafu aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Kila gari lililotoka yadi ile lilikuwa la bibi huyo. Mwanamke mmoja hajawahi kuwa na magari mengi hivyo wala kupenda soko kiasi hicho. Lilikuwa jeupe, dogo, la mviringo, na siku lilipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza wanachama walilitazama, mpaka Mama Betri alipolipa jina. Mama Betri aliuza vigae, na alipewa jina lake kwa sababu alitangaza asilimia za betri yake kila asubuhi kwenye kundi la simu, kama mgonjwa anavyotangaza presha.

"Karibu, Mkunga," alisema. "Na Yai lako."

Jina likaganda.

Sasa, mwenye duka la samani alikuwa amewapa wanachama chaja ile kwa sharti moja, kwamba magari yatakayosimama pale yasiwachukize wateja wake. Umoja ulilikalia sharti hilo vikao viwili, ukaliongezea mwili. Kadi ingetolewa tu kwa gari ambalo boneti yake imefunikwa na plastiki ya kulinda rangi, ile nyembamba isiyoonekana, inayobandikwa kwa maji na kukamuliwa kwa kipande cha mpira. Mkunga akaandika kwenye kundi, kwa adabu: "Wapendwa, habari za asubuhi. Naomba ushauri, nilinde vipi rangi yangu?"

Mmoja alimwambia apake nta. Wa pili akasema nta ni ya mishumaa na ya watu waliokata tamaa. Wa tatu alieleza kuhusu ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, kwa urefu na kwa hisia, kama anayesimulia ndoa yake. Wa nne alituma tu picha ya boneti yake ambamo uso wake ulionekana hadi matundu ya pua. Mama Betri alishauri Yai lihifadhiwe kwenye friji. Kufikia adhuhuri zilikuwa jumbe mia moja na arobaini, na hakuna aliyekumbuka nani aliuliza.

Ndiyo maana Mwenyekiti alipokuja mwenyewe, Jumatatu ya wiki ya mkutano, akasimama mbele ya zahanati na koti lake jeupe, Mkunga aliona amepewa heshima kubwa. Alitoka na glavu bado mkononi.

"Nimepita tu kuliona," Mwenyekiti alisema. Aliinama, akagonga boneti kwa ukucha mara tatu, akatega sikio. Akahamia mlangoni, akagonga. Akarudi kwenye boneti, akagonga tena, polepole zaidi. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa ameishi kwa kutofautisha jino lenyewe na lililovishwa.

"Hii boneti imewahi kupakwa rangi upya?"

"Aliyeniuzia alisema hapana."

"Basi hapana." Alitoa kijitabu mfukoni, akaandika kitu kifupi, akakirudisha. "Bandika plastiki, dada yangu. Boneti nzima, usibanie pesa. Ukifika Jumamosi, mimi mwenyewe nitaisimamia."

"Na kadi?"

"Nimesema nitaisimamia."

Mkunga alirudi ndani akiwa mwepesi. Mama aliyekuwa kitandani alimuuliza amepata habari gani njema, naye akajibu kwamba amepata mtu wa kumshika mkono. Mama yule, ambaye wakati huo alikuwa akiukamua mkono wa Mkunga mpaka vidole vinakufa ganzi, alisema hata yeye.

Siku ya Alhamisi aliomba ruhusa, akachukua posho yake nzima ya likizo, akalipeleka gari kwa fundi wa plastiki. Fundi alikuwa na kibanda safi kuliko zahanati. Aliosha boneti, akaikausha, akapitisha kiganja mara moja kwenye ukingo wa chini, akasimama.

"Mama, hii ni rangi ya pili."

"Si ya pili."

"Ya pili, na aliyeipaka alikuwa na haraka. Hakusugua ya chini, kaimwagia tu juu. Nikibandika, itakaa. Lakini siku ikibanduliwa, itaondoka na kila kitu. Plastiki hii ina gundi, haina adabu."

"Mwenyekiti kaigonga, kasema hapana."

"Mwenyekiti anagonga meno, mama."

Mkunga alicheka, kwa sababu ilichekesha, kisha akafikiri. Alifikiri kuhusu waya wa rangi ya chungwa na kuhusu kituo cha usafiri. "Itabanduliwa na nani?" akauliza. "Mimi sibandui. Wewe bandika."

Fundi alibandika, na alibandika vizuri. Vilibaki vilengelenge vichache vya maji upande wa kioo, ambavyo alisema vitakauka vyenyewe ndani ya wiki mbili, mtu asiviguse. Mkunga aliviangalia njia nzima kwa upendo, kama upele wa mtoto mchanga ambao anajua utapotea.

Jumamosi alifika wa kwanza. Alikuwa akifuta vumbi la njiani na kitambaa kibichi wakati katibu alipopita akigawa ratiba zilizochapwa. Kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa, aliipokea kwa vidole viwili na kuitupia kwenye kisanduku cha ndani ya gari, asiisome. Magari mengine yaliingia moja baada ya jingine bila sauti, kama yanavyoingia magari ya umeme na wadai. Katiba ikasomwa. Watu wakaketi. Mwenyekiti hakuketi.

"Leo tuna darasa la vitendo," alisema, akatembea hadi kwenye Yai. Wanachama walisogeza viti na kulizunguka. "Mkunga ametii ushauri, amebandika. Tumpigie makofi." Walipiga. "Lakini naona vilengelenge."

"Fundi kasema vitakauka, Mwenyekiti. Wiki mbili."

"Fundi anasema hivyo kila mahali." Watu wakacheka kidogo, kwa pua. "Kwa mujibu wa kifungu cha kwanza, gari hili ni letu sote. Dada yangu, unaturuhusu?"

Mkunga alidhani anataka kuvikamua. "Karibuni," alisema.

Mwenyekiti alivaa glavu. Alitia ncha ya kidole chini ya kona ya plastiki, akainyanyua taratibu, na kwa upole wa kitaalamu akaanza kuivuta kuelekea kwake. Mkunga aliona kwanza, kabla ya wote, kwa kuwa yeye kazi yake ilikuwa kuangalia kinachotoka. Plastiki ilikuwa inakuja nyeupe.

"Subiri," alisema. "Mwenyekiti, inatoka na rangi. Subiri kidogo."

"Usisukume," Mama Betri alimwambia. "Vuta pumzi."

Hapo walicheka kwa vifua. Wanaume wanne katika duara lile, wake zao walikuwa wameushika mkono wa Mkunga na kulia majina ya mama zao. Nao walicheka, mmoja akipiga picha. Mwenyekiti hakucheka. Aliendelea kuvuta kwa mwendo ule ule, na rangi nyeupe ikatoka vipande vipana, kama ganda la yai lililochemka vizuri. Chini yake palikuwa na manjano. Katikati ya manjano palitokea mkia, kisha tumbo, kisha panya mzima amelala chali, macho yakiwa alama mbili za msalaba. Chini ya panya, kwa herufi nyekundu, paliandikwa: TUNAUA PANYA, KUNGUNI NA MENDE. HATA WALE SUGU.

"Yai limemenywa," mtu alisema.

"Kumbe bibi wa sokoni alikuwa na biashara."

"Mkunga, mchana unazalisha, jioni unaua?"

Mwenyekiti alinyanyua plastiki juu ili walio nyuma waone rangi iliyoganda kwenye gundi. "Hiki ndicho hutokea," alieleza, "plastiki inapobandikwa juu ya rangi ya pili isiyosuguliwa. Mtu akiniuliza, namwambia agonge kwanza. Sauti ni nzito kidogo. Masikio yakizoea, huwezi kukosea." Wanachama kadhaa waliandika. Kisha aliikunja plastiki mara nne na kumkabidhi Mkunga, ambaye aliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyozoea kupokea vitu.

"Na kadi?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini wote walimsikia.

"Kwa hali hii?" Mwenyekiti alisema, kwa huruma. "Mwezi ujao, dada yangu. Utengeneze boneti, ubandike, tutaangalia."

Shemeji alikuwa uani Mkunga alipofika. Alimsoma panya kuanzia mkia hadi herufi ya mwisho, akaingia ndani, akachomoa. Aliukunja waya vizuri, kwa mizunguko iliyolingana, akaufunga kwa kamba na kumpa. "Pole, shemeji," alisema, na usiku huo aliangalia mpira hadi mwisho.

Gari lilikaa wiki tatu bila chaji chini ya ghorofa, ambapo watoto walikuja kumtembelea panya. Mwishowe Mkunga alilitangaza kuliuza, na mnunuzi aliyejitokeza alikuwa muuaji wa wadudu. Alipotajiwa kwamba boneti inaweza kupakwa, alishtuka na kusema isiguswe kabisa. Mkunga alikuwa amerudi kituoni na mkoba wake mapajani. Katika wiki hizo tatu alichelewa mara moja, na mara hiyo nayo hakuizungumzia.

Siku ya kulikabidhi aliingia kutoa vitu vyake: mwavuli, glavu, kitambaa kilichokauka. Kwenye kisanduku akaikuta ratiba. Alivaa miwani, akaisoma akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, wakati mnunuzi anasubiri nje akiisugua boneti kwa mkono wa shati.

Namba moja ilikuwa kusomwa kwa kifungu cha kwanza. Namba mbili, taarifa ya katibu. Namba tatu iliandikwa: "Darasa la vitendo: kubandua plastiki iliyobandikwa juu ya rangi ya pili. Gari: la Mkunga." Pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na siku ratiba ilipochapwa. Ilichapwa Jumanne. Plastiki ilibandikwa Alhamisi.