Siku Guverneri Alipomfukuza Mama Mkwe Wangu

Jamani, aibu niliyoipata siku ya kurekodi mchezo wangu hapa Kamina, ningeweza ningeifukia nyuma ya shule na kupanda mihogo juu yake, lakini nusu ya mji ilikuwa ukumbini na nusu nyingine imeiona kwenye simu, kwa hiyo heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi.

Mimi naitwa Ilunga, mwalimu wa historia, tena mwalimu mwenye kiburi cha jukwaa (nakiri). Nilikuwa nimetunga mchezo wa mtu mmoja, mimi peke yangu saa nzima, juu ya guverneri wa zamani ambaye watu walimwita Mukubwa Kesho, kwa sababu kila alichoombwa, barabara, maji, mishahara, alijibu "kesho" na kugonga fimbo chini. Mwalimu mwenzangu Dieudo, anayepiga video za arusi, angenirekodi mwanzo hadi mwisho bila kukata, maana waandaaji wa tamasha la Lubumbashi ndivyo walivyotaka.

Kumbe siku hiyohiyo mama yake Mado, mchumba wangu, alikuwa anakuja kwa treni kutoka Bukama kunichunguza. Baba yake alishakubali, mjomba wake anayekaa hapa Kamina alishakubali, limebaki neno la mama tu, na bila neno la mama hakuna arusi. Na mnajua ukwe wa kwetu ulivyo: mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Mpango ulikuwa mama afikie kwa mjomba, apumzike, na mimi nipeleke salamu zangu kupitia kwa huyo mjomba, kwa heshima zote.

Sasa sikieni kosa. Guverneri hakuwa mtu wa miwani, na mimi bila miwani sioni hata ubao ninaouandika. Mado aliniambia, "Vaa tu, nani ataangalia lineti?" Nikamjibu kwamba msanii wa kweli hujitoa (msanii wa kweli!), nikaitia miwani mfukoni, nikafunga mto tumboni, nikavaa koti. Na kwa kuwa kulikuwa na sehemu ya kumkemea karani msaliti ambaye haonekani, nikaamua kukemea kiti kitupu cha mstari wa mbele, kiti cha pasteri, ambaye siku hiyo alikuwa matangani.

Treni ambayo haijawahi kufika kwa saa yake, siku hiyo ilifika. Mado kwa furaha akaona amlete mama moja kwa moja ukumbini, aniangalie kwa mbali, gizani, mahali ambapo ukwe hauvunjiki. Wapokea wageni walipoona mama mtu mzima na sanduku lake, wakampa heshima: kiti cha pasteri.

Mimi niko juu, jasho linatiririka, taa ya Dieudo inaniunguza macho, nimefika kwenye sehemu ya karani. Nikanyoosha fimbo, nikanguruma kwa Kiswahili cha kwetu ("minyi njo" ndiyo "mimi ndiye" yenu). "Mwizi weye! Ulikuwa unauzisha samaki pa Bukama, minyi njo nilikuvalisha viatu! Simama nikuone!"

Na kiti kikasimama. Bila miwani ndivyo nilivyoona: kiti kilirefuka, kikawa na kitenge cha kijani, halafu kikasema.

"Ni kweli, minyi nauzisha samaki. Na viatu nilijinunulia minyi mwenyewe."

Ukumbi ukapiga kelele ya raha. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, lakini watu wa Kamina huwa wanajibizana na mchezaji, nami nikajua nimepata mama mchangamfu wa kunipamba mbele ya kamera, nikamuuliza mukubwa amemkosea nini.

"Siku ulikuya Bukama," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena, "tulikungojea pa gare ya treni na maua tangu asubui, minyi na mimba, jua inatupiga, na weye ukapita mu treni bila kufungua hata dirisha."

Nikagonga fimbo. "Maua? Kesho, mama, kesho! Sasa toka mu sale yangu!" nikamwonyesha mlango wa ukumbi kwa fimbo.

Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Katikati ya kicheko hicho nikasikia Mado mlangoni, "Ilunga! Njo mama huyo!"

Nikavaa miwani. Mama mkwe alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ananitazama usoni, nami namtazama usoni, vitu ambavyo havifanyiki. Nikafanya kama anavyofanya mkwe mwenye adabu, nikatafuta majani, na kwa kuwa jukwaani hakuna majani nikaingia chini ya meza, mto ukanaswa, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi, nikasimama na meza yote mgongoni kama kobe, nikaangusha taa. "Zima!" nikamlilia Dieudo. Naye, mtiifu yule, "Walisema bila kukata!"

Kesho yake nilikwenda kwa mjomba na kuku na kitenge kipya, nikaketi barazani, mama akiwa ndani nyuma ya pazia. Nampenda Mado, na sikuwa na mpango mwingine wa maisha. Mjomba aliingia, akakaa sana, akatoka akijikuna kichwa.

"Mama anasema mwalimu hakumukosea kitu. Mwenye kumukosea ni guverneri. Njo yeye aje kuomba musamaha."

Basi nikarudi nyumbani, nikafunga mto, nikavaa koti, nikapita barabarani mchana kweupe na fimbo yangu, wanafunzi wangu wakinisindikiza kwa makofi. Nilipofika, pazia lilifunguliwa. Mama akatoka, akaketi mbele yangu, akanitazama bila wasiwasi, maana guverneri si mkwe wa mtu. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa ajili ya jua na maua na dirisha, na alivyokuwa ananisikiliza niliona kweli alikuwa ameungoja muda mrefu.

"Nimesikia," akasema. Kisha akavuta kiti karibu. "Mukubwa, kuko mwalimu moya hapa Kamina, anaitwa Ilunga. Ukimukuta, umwambie minyi nimekubali."

Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba nitamfikishia, halafu guverneri mzima akalia kama mtoto.

Video haikwenda Lubumbashi, na tangu siku hiyo nimeapa: sitamkemea tena mtu yeyote jukwaani, wala kiti, kabla sijauliza ana mabinti wangapi.