Siku Kambo Aliponitembeza Mjini

Nilikuwa nimekaa Lubumbashi karibu miaka miwili bila kuona chochote zaidi ya darasa, maabara, na bati la chumba changu kule Ruashi. Nyumbani Sumbawanga walidhani ninatembea. Dada zangu waliomba picha za mji, nami nikawa nawatumia picha za sahani ya bukari, ugali wa huku, mpaka wakachoka kuomba. Kusoma udaktari wa mifugo kwa Kifaransa ulichojifunzia ukubwani si mchezo. Nilikuwa nalala na kamusi kifuani, na asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Kwa hiyo mama mwenye nyumba aliponiambia, Jumamosi moja ya mwisho wa kiangazi, kwamba baba yake atanitembeza mjini kutwa nzima, roho yangu ilikataa. Mitihani ilikuwa imekwisha juzi tu. Nilitaka kulala, basi. Lakini alinifuata hadi bombani nilikokuwa nafua, akapindua ndoo, akaikalia, akashusha sauti, nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mumewe alikuwa amepata kazi mgodini Kolwezi, na yeye alikuwa anamfuata. Nyumba ilikwisha pata mnunuzi. Mimi nilikwisha tafutiwa chumba karibu na chuo. Kolwezi wangeanzia kwenye chumba kimoja na watoto, kwa hiyo mzee angepelekwa kijijini Lukafu, kwa mpwa wake anayelima mahindi, na gari la mpwa lingefika Jumatatu. Jirani wa kulia anajua, jirani wa kushoto anajua, padri anajua. Mzee peke yake ndiye hakuwa ameambiwa.

Nikamwuliza kwa nini hamwambii yeye mwenyewe. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto.

“Mi niko mutoto wake,” akasema. “Mutoto hawezi kuambia baba yake: toka mu nyumba. Weye uko mujukuu. Umuambie mu maseko, atasikia.”

Maseko ni kicheko, yaani utani, na hapo hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Hata kwetu babu na mjukuu hutaniana. Mimi mzee nilimwita Kambo, babu, kama watoto wote wa mtaa, na yeye aliniita bibi yangu, na bibi kwa huku ni mke. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa ananitukana kila asubuhi. Eti miguu yangu ni ya korongo. Eti sombe langu, kisamvu cha huku, limepikwa na mtu aliyegombana na chumvi. Eti baba yangu amemdanganya, ameleta mke wa kuazima. Nami namjibu kwamba mimi nilipewa mume wa mtumba, hata dukani walikataa kumrudisha. Siku asiponitukana nilijua anaumwa. Jamani, katika nchi ile ambako wengine wote waliniita étudiante, mwanafunzi, matusi yale ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwangu.

Na Lukafu, kwake, ilikuwa kama kumwambia mtu aende kuishi baharini. Baba yake alishuka kutoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa mjini, katika kambi ya wafanyakazi, akafanya kazi hiyo hiyo ya reli mpaka pensheni. Jembe hakuwahi kulishika. Kahawa aliinywa kwa kikombe na kisahani chake. Viatu alivipaka rangi kila asubuhi, hata pale Ruashi ambako vumbi la mgodi linarudi kabla hujaweka brashi chini. Watu wa shamba aliwasema vibaya kila siku: wanalala na kuku, wanaamka na kuku, mazungumzo yao ni mvua tu. Sasa huyo ndiye nikamwambie akalime mahindi.

Nikakubali. Nilikuwa nimechoka hata kukataa.

Tuliteremka katikati ya mji jua likiwa limeshakuwa kali. Yeye alivaa koti la suti na kofia, mimi nilivaa ndala za ngozi ambazo baadaye nilizijutia. Akaanza na kanisa kuu la matofali mekundu, kwa sababu ndimo alimofunga ndoa. Tulikuta harusi inatoka. Kambo hakujiuliza mara mbili. Akaingia katika mstari, akampa mkono baba wa bibi harusi, akawabusu mama zake wadogo mashavuni, akalalamika kwamba mwaliko ulimfikia kwa kuchelewa. Mpiga picha akatupanga ngazini pamoja na ukoo. Mpaka leo kuna watu mahali fulani mjini humo wana picha yangu ukutani, nimesimama katikati ya wajomba nisiowajua, nimekunja uso kwa jua. Tulipotoka nikasema moyoni, sasa nimwambie, maana amefurahi. Kisha nikaona ndiyo sababu ya kutomwambia.

Makumbusho yalikuwa hayana umeme. Mlinzi alituruhusu tuingie na tochi ya simu. Tukapita gizani katikati ya vinyago na misalaba ya shaba, ile ambayo zamani ilitumika kama pesa, mimi namulika, yeye anasema huyu mwenye pua kubwa ni mkwe wake marehemu. Nilicheka kwa nguvu mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mahali pale palikuwa pazuri kwa kusema. Giza, watu hakuna, hatuonani nyuso. Nikafungua kinywa, nikamwuliza kama ana kiu.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu. Yeye hakutaka basi, alisema mtu anayeonyeshwa mji ndani ya basi ameonyeshwa migongo ya watu. Njia nzima kofia ilikuwa inapanda na kushuka, anasalimia wenye maduka ambao nusu yao hawakumjua. Hapa palikuwa na sinema. Hapa Mgiriki mmoja alikuwa anauza mikate. Hapa nilipigana, nikapigwa. Mimi nilikuwa nimefika ile hali ya kuitika tu, ndiyo Kambo, kumbe Kambo, huku kisigino kimechubuka na kichwa kinagonga. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye meno.

Gare, yaani kituo cha treni, ndipo tulipopata kisanga. Askari wa mlangoni alikataa tusiingie, hakuna treni leo, hakuna kutembea. Kambo akamshukuru vizuri sana, akanishika mkono, tukazunguka nyuma ya ukuta mpaka kwenye tundu ambalo, aliniambia, wafanyakazi walilipitia walipochelewa kazini tangu yeye yuko kijana. Lilikuwa bado lipo. Akavua koti, akanipa, akapenya. Nikapenya nami, nikachana sketi. Tukatembea juu ya mataruma ya reli katikati ya mabehewa yaliyoota majani, yeye mbele, hatua zake zinaangukia sawasawa kila taruma bila kutazama chini, mimi nyuma nikijikwaa. Alikuwa anaimba pole pole. Mgongo ule kwa nyuma ulikuwa wa kijana.

Ndipo askari akatuona. Filimbi, kelele, mbio. Nilikimbia nikiwa nimekumbatia koti la mzee wa watu, ndala moja ikakatika, nikaishika mkononi. Tulipotokea upande wa pili wa tundu Kambo alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja, machozi yanamtoka. Akaokota kipande cha waya, akakaa ukingoni mwa barabara, akanifungia ndala yangu. Alisema angejua kwamba mke wake anakimbia namna hii, angemwoza kwa timu ya mpira. Nikamwambia nami ningejua mume wangu ni mwizi wa reli, ningeolewa na askari. Nikamtazama vile vidole vinavyosokota waya, nikajiambia, leo sisemi. Aseme mwenyewe huyo bintiye.

Lakini yule mama alikuwa amenipigia simu mara mbili tayari. Mara ya tatu ilipoita tulikuwa tumefika kule kwenye kilima cheusi cha taka za shaba, na lile bomba refu la moshi ambalo watu wa hapo huliita mumbunda. Sikupokea. Tulikaa juu ya tofali mbili kando ya mama anayeuza munkoyo, togwa lao, akatupa kila mtu kikombe. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Kambo aliliangalia bomba muda mrefu, akasema wiki ijayo atanipeleka ziwani, kisha kwenye bustani ya wanyama, kisha atanionyesha nyumba ya kambi alimozaliwa, maana leo mke wake amechoka kama kuku wa mnadani. Wiki ijayo. Alikuwa anapanga, anahesabu siku kwa vidole.

Nadhani ni uchovu ulionisemesha. Ningekuwa na nguvu ningenyamaza mpaka nyumbani.

“Wiki ijayo haupo, mume wangu,” nikasema, nikiweka sauti ya utani. “Nimekuchoka. Bintiyo anamfuata mumewe Kolwezi, nyumba imeuzwa, na mimi nakupeleka Lukafu kwa mpwa wako ukalime mahindi. Gari linakuja Jumatatu.”

Nikacheka. Utaratibu ni kwamba yeye naye atoe tusi kubwa zaidi, mimi nijibu, na humo humo katika matusi neno linakuwa limeingia, kila mtu amelisikia na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilisubiri tusi langu. Mama wa munkoyo naye alikuwa ameacha kukoroga, anasubiri, maana hata yeye alielewa tunachofanya.

Kambo alimaliza munkoyo wake. Akafuta kikombe kwa leso, akamrudishia mwenyewe.

“Padri anajua?” akauliza.

Nikasema anajua.

“Na bantu ba pale jirani?”

Nikasema wanajua. Akavaa kofia, akasimama, akaninyooshea mkono kuniinua. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nikasema, Kambo, nisamehe, nimetumwa tu. Akasema hakuna shida, twende, giza litatukuta njiani. Akaita basi. Yeye ambaye hakutaka basi siku nzima, alilisimamisha mwenyewe, akanitanguliza niingie kwanza, akakaa kiti cha nyuma yangu.

Njia nzima nilitafuta neno la kumtukana nikakosa. Kwetu mjukuu humwambia babu yake, kufa basi tule wali wa matanga, na babu hucheka mpaka akakohoa, kwa sababu anajua yule mtoto hataki afe. Mimi nilimwambia jambo la kweli, lenye siku yake na gari lake. Nililivisha nguo za utani, lakini gari lilikuwa gari.

Bintiye alikuwa amesimama getini, kitenge amekikamata kwa mikono miwili. Alinitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kabla hajasema lolote, Kambo akaingiza sauti yake ile ya kila siku, kubwa, ya kusikika mtaani. Akasema bibi yake Mtanzania amemwacha, amesema ni mzee, hana kazi, anakoroma. Sasa anakwenda Lukafu kutafuta mwingine mwenye miguu minene anayejua kupika sombe. Mama yule akacheka, akajifunika uso na kitenge, akalia humo humo, akapiga magoti kumpokea koti. Watoto wakacheka. Jirani akacheka juu ya ukuta, akauliza kama huko Lukafu kuna na wa kwake. Kambo akamjibu. Usiku ule nyumba ilikuwa na furaha kuliko siku nyingi, na mama wa nyumba alinishika mkono jikoni akaniambia nimefanya vizuri, mzee amesikia bila kuumia.

Nilitaka kuamini. Niliingia chumbani na vumbi langu, nikalala hivyo hivyo bila kunawa miguu.

Jumapili asubuhi nilipeleka kahawa yake barazani. Nilikuwa nimeikoroga vibaya makusudi, sukari hakuna, ili apate pa kuanzia. Alikuwa anapaka viatu rangi. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akainua kofia kidogo.

“Aksanti, mademoiselle,” akasema, heshima ile ya Kifaransa anayopewa msichana mgeni.

Akainywa yote.

Gari la mpwa lilikuja Jumatatu. Lilikuwa pikapu yenye magunia nyuma, na yeye walimweka mbele, kikombe na kisahani amevifunga katika gazeti juu ya magoti. Mtaa wote ulitoka. Alimtania kila mtu: jirani aliitwa mwizi wa kuku, bintiye akaambiwa Kolwezi hawapendi wanawake wanene, watoto wakaambiwa wao ndio wanaofukuzwa, si yeye. Watu walishika mbavu. Nikasogea mpaka dirishani, nikamwambia kwa sauti kwamba nimeshapata mume mpya, mwenye meno. Nilimwambia mbele ya watu wote, nikasimama pale nikingoja anitukane.

Akanipa mkono kwa dirisha, akauliza masomo yanakwendaje, akanitakia safari njema siku nitakaporudi kwetu.