Fundi Maige na Kitabu cha Mkewe

Alasiri, kwenye baraza la duka mjini Shinyanga, cherehani ya Maige inanyamaza. Mkewe, Esta, amefumba macho. Anakifungua kitabu kinene popote kitakapofunguka, anashusha kidole, anatazama.

"Nyigu!" anatangaza. Wateja wanasogea karibu.

Kitabu ni cha Kiingereza, kina habari za kila kitu duniani, ingawa hii ni juzuu moja tu. Mzungu mtafuta dhahabu aliyekuwa akirudi kwao kutoka Geita aliuona mzigo umemwelemea, akamwachia Esta kitabu hicho. Esta alilelewa misheni, Kiingereza anakisoma. Maige wakati huo hakujua hata a.

"Anasoma kimya, kisha anatueleza kwa Kiswahili," anasema Majaliwa, mchuuzi wa ngozi asiyekosa barazani. "Juzi tumejua mwavuli ulianzia wapi. Shemeji ana kipaji, wallahi."

Maige anakata uzi kwa meno, kwa nguvu isiyohitajika.

"Huyo ana kanzu moja tu," anamnong'oneza mwandishi wa habari hii, aliyekaa karibu na cherehani. "Mwezi huu ameileta mara nne. Inachanika na nini?"

Mwaka jana, 1935, wivu ulimshinda. Siku hiyo kidole kiliangukia kigogota. Esta akaiga ndege huyo anavyogonga mti, na Majaliwa akacheka mpaka akamshika Esta bega. Watu walipotawanyika, Maige alikifungia kitabu ndani ya sanduku la vitambaa.

"Nilimwambia, mke wangu si wa kuchekesha wanaume. Hakubisha. Alisema tu, 'Sawa, Baba Limi.'"

Baraza likapoa. Watu walileta nguo zao, wakaziacha, wakaenda zao.

Kisha akaja Mbuke, jirani yao, kuchukua gauni. "Baba Limi," aliuliza, "ni kweli nyangumi ananyonyesha mtoto baharini, kama ng'ombe wetu?"

Maige alimkunjia gauni. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Kumbe Esta alikuwa akiwasimulia wanawake kisimani yale aliyoyasoma peke yake kabla kitabu hakijafungiwa.

"Pale ndipo nilipoumia," anasema. "Nilidhani nawaonea wivu wanaume. Kumbe namwonea wivu kila mtu anayemsikia kabla yangu. Naishi naye nyumba moja, halafu Mbuke ndiye aniletee habari za mke wangu!"

Jioni ile alikitoa kitabu, akakiweka mapajani mwa mkewe. "Nisomee na mimi," alimwambia.

"Hujawahi kuniomba," Esta akajibu. "Ukiwa kwenye cherehani hata kichwa huinui. Nilidhani yanakuchosha."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda barazani, Esta hufumba macho kwa ajili ya Maige peke yake. Ya alasiri ni ya watu wote. Ya asubuhi haitoki nje ya nyumba.

Ya leo ilihusu nini? mwandishi anauliza.

"Hiyo haikuhusu, bwana," Maige anajibu, na Esta anaangua kicheko.

Siku hizi mkewe anamfundisha herufi, akiziandika kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi. Kiswahili ameanza kukisoma kwa kusitasita. Kiingereza bado kiko mbali, naye hana haraka.

"Siku nitakayokiweza," anasema, akimtupia Majaliwa jicho, "nitafumba macho mimi, nishushe kidole mimi. Esta akae, asikilize. Na watu wa kanzu waende kwa fundi mwingine."